Bustani ya jamii ikipewa notisi: someni mkataba mpya kuanzia ukurasa wa mwisho

SWALI: Mimi ni katibu wa bustani ya jamii yenye wanachama 41 na vipande 36 vya kulimia. Tumekuwa hapa miaka 11, kwa mkataba unaohuishwa kila mwaka. Sasa mwenye ardhi ametupa notisi ya miezi mitano, anataka kujenga. Nusu ya kamati inataka twende mahakamani. Nusu nyingine inataka tukubali leo leo kiwanja tulichoahidiwa nyuma ya gereji iliyofungwa, bure kwa miaka miwili. Mzee wetu mmoja, aliyepanda mtini mwaka wa kwanza, ameacha kuja vikaoni. Tuanzie wapi, na tutajuaje kama kiwanja hicho kitatufaa?

JIBU: Dada katibu, pole sana. Mtu anayepita njiani huona matuta tu. Haoni miaka 11 ya samadi, majani makavu na migongo iliyouma iliyolala chini yake. Nimefanya kazi ya udongo na vikundi vya bustani kwa muda mrefu, na vinne kati ya hivyo vilipata notisi kama yenu. Viwili vilihama na bado vinalima. Kimoja kilihama kikafa kabla mwaka haujaisha. Cha nne hakikufika popote. Muda wa notisi ulikwisha wakiwa bado wanabishana. Vile viwili vilivyosalimika viliigawa miezi yao mapema: mwezi wa kwanza wa kushughulikia karatasi, miwili ya kutafuta na kuchimba mashimo ya majaribio, na iliyobaki ya kuhama. Kwa hiyo nianze na msimamo wangu: msikubali kiwanja cha gereji wiki hii, wala msiimalizie mahakamani miezi mitano yote.

Utoe kabatini mkataba mlio nao, ukae na mweka hazina pamoja na mtu anayezijua sheria za huko kwenu, muusome wote kwa sauti. Angalieni notisi ilipaswa kuwa ya muda gani na itolewe kwa njia gani, maana notisi iliyokosewa huweza kuwapa miezi zaidi bila ugomvi wowote. Angalieni pia mazao yatakayokuwa shambani siku ya mwisho ni ya nani, na vitu mlivyojenga ni vya nani. Hapa watu wengi hushtuka. Katika nchi nyingi kanuni ya zamani ni kwamba kilichoshikamana na ardhi ni mali ya mwenye ardhi, mpaka mkataba useme vingine. Mti uliopandwa, nguzo iliyozikwa kwa zege, bomba lililofukiwa, vyote vinaweza kuhesabiwa kuwa vyake. Kibanda kilichokalishwa juu ya matofali bila msingi, matangi, toroli na masanduku ya kupandia mara nyingi ni vyenu. Pigeni picha ya kila kitu sasa, kikiwa mahali pake, na muandike orodha yenye tarehe.

Zipo nchi zilizoliona jambo hili mapema. Ujerumani ina sheria ya bustani ndogo za kukodi ya mwaka 1983, inayompa mpangaji fidia ya mimea yake na kibanda chake anapoondolewa kwa sababu kama za ujenzi. Uingereza nayo, tangu sheria ya mwaka 1925, halmashauri haiwezi kuuza ardhi iliyoinunua au kuitenga kwa ajili ya bustani za kukodi bila idhini ya waziri. Lakini viwanja vilivyotolewa kwa muda tu havimo katika kinga hiyo, na anayelima juu yake anaweza asijue mpaka barua imfikie. Ulizeni kama kwenu kuna lolote la namna hii. Kuuliza hakugharimu kitu, na jibu lake linabadilisha namna mtakavyozungumza na mwenye ardhi.

Kisha nendeni mkamwone. Wawili tu, bila mabango na bila hasira za kikao kilichopita. Swali lenu kubwa liwe hili: mashine ya kwanza inaingia lini hasa? Kati ya notisi na tingatinga huwa kuna michoro, vibali na mikopo, na mara nyingi kiwanja hukaa kitupu miezi mingi baada ya wapangaji kuondolewa. Mwombeni barua inayowaruhusu kubaki mwezi kwa mwezi hadi wiki mbili kabla ya mashine kufika, nanyi mtie saini kwamba mtaondoka siku hiyo bila mabishano. Mwenye ardhi mwenye busara atalikubali hili, kwa sababu kiwanja kinacholimwa hakigeuki jalala wala hakivamiwi.

La pili la kumwomba ni udongo, na hili nalitilia mkazo kwa sababu vikundi vingi havilifikirii kabisa. Tuseme vipande vyenu 36 vina mita za mraba 20 kila kimoja. Sentimita 20 za juu, ndipo uhai mwingi ulipo, ni mita za ujazo 144, karibu tani 190. Kwa toroli la lita 80 hizo ni safari 1,800. Hamuwezi. Lakini mkandarasi atakayejenga hapo atakuwa na mashine yake kiwanjani, na kazi yake ya kwanza itakuwa kukwangua tabaka hilo hilo na kulilipia usafiri likatupwe. Mkiwa mmeshapata kiwanja kipya karibu, kumwelekeza dereva wa lori awaletee ninyi kunaweza kumpunguzia gharama. Nimeshuhudia hili likifanyika mara moja: malori yalimwaga udongo mweusi, bado una maganda ya mayai ndani yake, na wanachama waliusambaza kwa siku mbili. Msimu uliofuata walivuna kama kwamba hawakuhama.

Kuna sharti moja. Kabla ya kuhamisha udongo, ng'oeni mimea michache katika kila kipande mtazame mizizi. Mkiona mizizi ya kabichi na jamii yake imevimba na kupinda kama vidole vyenye jongo, ugonjwa huo huweza kukaa ardhini hata miaka 20. Kuoza kweupe kwa kitunguu, kule kunakoacha ukungu kama pamba na vipunje vyeusi kwenye kitako, nako huweza kudumu muda kama huo. Vinundu vingi kwenye mizizi ya nyanya ni dalili ya minyoo fundo, minyoo midogo sana inayoshambulia mizizi. Udongo wa vipande hivyo uacheni. Vinundu kwenye mizizi ya maharage ambavyo ukivibandua vinatoka kirahisi, na ndani yake ni vyekundu, visiwatishe. Hivyo ni vya bakteria wema wanaovuta naitrojeni.

Sasa mahakama. Siwezi kuwaambia msiende, kwa sababu sijauona mkataba wenu. Ila nitawakumbusha South Central Farm ya Los Angeles, zaidi ya hekta tano katikati ya jiji, iliyoanza kulimwa mwaka 1994 na kufikia familia kama 350. Walilima kwa ruhusa inayoweza kufutwa wakati wowote. Mwaka 2003 jiji liliuza ardhi hiyo kwa mmiliki wa zamani, na tangu hapo ikawa kesi, mikesha, maandamano na kuchangisha fedha. Fedha zilipopatikana mwishoni, mwenye ardhi alikataa kuuza. Juni 2006 polisi waliwaondoa na mashine zikapita juu ya mazao. Walipigana kwa heshima na sitawalaumu hata kidogo. Ila kila nikiifikiria habari ile nayaona mashina ya miti ya miaka kumi na zaidi yaliyolazwa chini.

Nafikiri hivi: ardhi ikiwa ya umma, kelele zina maana, kwa sababu anayeamua anahitaji kura. Ikiwa ya mtu binafsi na notisi yake ni halali, peleka sauti hiyo hiyo kwa halmashauri, mkiomba ardhi mpya badala ya kung'ang'ania ya zamani. Mna wanachama 41, rekodi ya miaka 11 na tarehe ya kufukuzwa. Hakuna siku mtakayosikilizwa kuliko sasa. Watu wawili wa kamati walishughulikie suala la sheria, na waliobaki wote watafute kiwanja.

Mtafute wapi? Chukueni ramani, muweke alama nyumbani kwa kila mwanachama, kisha mchore duara la mwendo wa robo saa kwa miguu kuzunguka pale alama zilipolundikana. Kile kikundi changu kilichokufa kilipata ardhi nzuri, pana, yenye jua, lakini ilihitaji kupanda magari mawili. Wenye magari yao walikwenda. Wazee na akina mama wenye watoto wadogo, ambao ndio walikuwa wakimwagilia jioni, wakakosa wiki moja, kisha mbili, na matuta yao yakaliwa na magugu. Kiwanja cha wastani kilicho karibu kina thamani kuliko kizuri kilicho mbali, na kwa hili sina shaka yoyote.

Ndani ya duara hilo msitazame vile viwanja vitupu vyenye bango la kuuzwa. Hivyo vitawarudisha hapa mlipo baada ya miaka miwili. Tazameni ardhi ambayo haiwezi kujengwa kirahisi. Baadhi ya wakulima wa South Central walipewa nafasi mahali paitwapo Stanford-Avalon, chini ya nyaya kubwa za umeme, ambapo hakuna atakayejenga ghorofa. Bustani ya Prinzessinnengarten ya Berlin ilianza mwaka 2009 kwenye kiwanja kilichotelekezwa cha Moritzplatz. Mkataba wa pale ulipofikia mwisho mwaka 2019, sehemu ya kikundi ilihamia kwenye makaburi ya zamani katika eneo la Neukölln, makaburi yenye nafasi kubwa isiyozikwa tena. Shule, hospitali, nyumba za ibada, mamlaka ya maji, vyuo: wote hao huwa na pembe ya ardhi inayowagharimu kufyeka kila mwezi. Nendeni kwao na karatasi moja tu inayoonyesha ninyi ni nani, mnahitaji mita ngapi, na nani atawajibika mtu akijikata na jembe.

Mkipata mahali, msiridhike na macho. Nakumbuka kiwanja kimoja kilichowapendeza watu mpaka wakaanza kugawana vipande siku ile ile. Kilikuwa kijani kibichi, nyasi zikifika magotini, ilhali kila mahali pengine palikuwa pamekauka. Niliomba koleo. Sentimita 22 chini koleo liligonga kitu kigumu: vifusi vya zege vilivyoshindiliwa. Tuliposogea hatua kumi na kuchimba tena, kifusi hakikuwapo, lakini udongo ulitoka wa kijivu wenye madoa ya rangi ya kutu, na ukaja na harufu ya yai viza. Mama mmoja aliyekuwa ameshika upande wa pili wa utepe wa kupimia akauachia, akasema tu, "Hapa pamekufa maji." Alikuwa sahihi. Ukijani ule ulikuwa wa nyasi za majimaji, na udongo wa kijivu wenye kutu ni udongo unaokaa bila hewa sehemu kubwa ya mwaka.

Kwa hiyo chimbeni. Mashimo matano hadi manane, yenye kina cha nusu mita, yakiwemo ya pembezoni na ya katikati. Kisha fanyeni jaribio la maji: shimo la sentimita 30, lijazwe maji, liachwe likauke, lijazwe tena, halafu mpime kwa rula kila saa. Maji yakishuka kati ya sentimita mbili na tano kwa saa, mko salama. Yakikaa mpaka kesho, mtahitaji mifereji au matuta yaliyoinuliwa juu sana. Bustani ya Manor Gardens ya London, iliyokuwapo tangu mwanzoni mwa karne ya 20, iliondolewa mwaka 2007 kupisha ujenzi wa Olimpiki ya 2012, na wakulima wake wakapewa kiwanja cha muda huko Leyton. Walikuta udongo unaotuamisha maji. Hata aliyehamishwa na serikali yenye fedha nyingi anaweza kuhamishiwa kwenye tope, kama hakuna aliyetangulia na koleo.

Jua lipimeni kwa kukaa. Mtu mmoja aende asubuhi, mwingine mchana, mwingine alasiri, kila mmoja achore kivuli kilipofika. Mboga za matunda zinahitaji saa sita hadi nane za jua la moja kwa moja. Za majani huvumilia nne. Mkumbuke jua hubadili njia yake kadiri majira yanavyobadilika, na mkaulize kwenye ofisi ya mipango kama kiwanja jirani kina kibali cha ghorofa.

Ukosefu wa maji huua bustani mpya nyingi. Wakati wa ukame hesabuni lita 25 kwa kila mita ya mraba kwa wiki. Kwa ukubwa wenu hizo ni lita 18,000 kila wiki. Matandazo ya majani makavu yatapunguza, lakini hayatafuta hitaji hilo, na ndoo haziwezi kuliziba. Kama hakuna bomba, ulizeni kuunganishwa kunagharimu kiasi gani na mita itakuwa kwa jina la nani, kabla ya kutia saini chochote. Paa la mita za mraba 50 huwapa hadi lita 500 kwa mvua ya milimita 10. Ni msaada mzuri, ila si mpango wa kutegemea peke yake.

Nije sasa kwenye gereji yenu, na hapa naomba mnisikilize kwa makini. Nyuma ya gereji ndipo oili chafu ilipomwagwa, betri zilipopasuliwa na vyuma viliposafishwa kwa dawa za kuyeyusha grisi. Betri huacha madini ya risasi, na risasi haiozi wala haisombwi na mvua. Hukaa katika sentimita chache za juu kwa vizazi. Tena haihitaji kupita kwenye mboga ili kumfikia mtoto. Vumbi la mikononi na udongo uliobaki kwenye jani lisilooshwa vizuri vinatosha. Mwaka 2024 Shirika la Hifadhi ya Mazingira la Marekani lilishusha kiwango cha tahadhari cha risasi katika udongo wa makazi kutoka miligramu 400 hadi 200 kwa kilo, kwa kuwa ushahidi wa madhara kwa ubongo wa watoto ulizidi kuongezeka. Zile dawa za kuyeyushia grisi nazo zina tatizo lao: hupanda kutoka chini kama mvuke, kwa hiyo kuweka tuta juu yake hakuziondoi.

Kwanza ulizeni historia: gereji ilifanya kazi miaka mingapi, kulikuwa na tangi la mafuta chini ya ardhi, oili ilikuwa ikitupwa wapi? Fundi mzee wa mtaani atawaambia zaidi ya faili lolote. Kisha chukueni udongo sehemu 10 hadi 15, kina cha sentimita 15 hadi 20, na muupeleke maabara upimwe risasi, aseniki, kadimiamu na mabaki ya mafuta. Sampuli za kando ya ukuta na barabara zipimwe peke yake, msizichanganye na za katikati, kwa sababu huko ndiko rangi za zamani na moshi wa magari hukusanyika, na mkizichanganya mtapata wastani unaoficha mahali pabaya. Waombeni wanaotoa kiwanja walipie vipimo. Wakikataa, hilo nalo ni jibu.

Majibu yakija mabaya, bado kiwanja hicho kinaweza kuwa kituo cha kupumzikia kwa mwaka mmoja endapo tatizo ni risasi ya wastani na hakuna mvuke wala mafuta. Mnalima kwenye masanduku na magunia, juu ya kitambaa kizito kilichofunikwa vipande vya mbao, bila mzizi kugusa ardhi. Prinzessinnengarten walifanya hivyo tangu siku ya kwanza: makreti, magunia ya mchele, pakiti za maziwa, kwa sababu hawakuuamini udongo wala hawakujua watakaa muda gani. Siku ya kuhama ilipofika, sehemu kubwa ya bustani yao ilibebeka. Lakini chukueni uamuzi huo mkijua mnachokifanya, na mseme wazi kwa wanachama kwamba ni mahali pa kusubiri.

Kuhusu hiyo miaka miwili ya bure, ningependelea mlipe. Kodi ndogo yenye stakabadhi huonyesha kwamba ninyi ni wapangaji. Anayekaa bure huhesabiwa mgeni, na mgeni huambiwa aondoke wakati wowote. Na miaka miwili ni michache mno. Tuta jipya kwenye udongo uliochoka huchukua misimu mitatu hivi ya mboji kabla halijaanza kuwalipa. Mtakuwa mmemtengenezea mtu udongo, kisha mkaondoka.

Mkataba mpya, popote utakapokuwa, usomeni kuanzia mwisho, yaani kuanzia siku ya kuondoka. Mwanzoni kila mtu anacheka na kupeana mikono, na vipengele vya furaha havijawahi kumwokoa mtu. Ombeni miaka kumi, mkikosa mkubali mitano yenye haki ya kuongeza mingine mitano. Notisi isiwe chini ya miezi 12, na iandikwe kwamba haiwezi kuisha katikati ya msimu. Mwisho wake uwe baada ya mavuno makubwa. Iandikwe kwamba miti, uzio, matangi na vibanda ni vyenu na mna haki ya kuving'oa, na kwamba akiuvunja mkataba kabla ya muda atawalipa gharama ya kuhama pamoja na thamani ya maboresho. Mkataba usajiliwe kwenye ofisi ya ardhi kama sheria yenu inaruhusu, ili akiuza leo, mnunuzi aununue pamoja nanyi. Tafuteni pia kama ardhi imewekwa rehani. Benki ambayo haikuridhia upangaji wenu inaweza isiutambue. Na anayetia saini awe kikundi kilichosajiliwa, chenye katiba. Wewe binafsi, dada, usitie saini kwa jina lako kwa niaba ya watu 41.

Ulinzi mkubwa kuliko wote ni ardhi kuwa mikononi mwa taasisi isiyoweza kuigeuza biashara. Mwaka 1999 jiji la New York lilikuwa tayari kupiga mnada zaidi ya bustani 100 za jamii. Zilinusurika kwa sababu taasisi mbili, Trust for Public Land na New York Restoration Project, zilizinunua ili zibaki bustani. Msikate tamaa kuwaza hivyo kwa kuwa leo hamna fedha. Anzeni mfuko sasa, hata kama utachukua miaka 15.

Kazi ya kuhama yenyewe ni nyepesi kuliko mnavyoogopa. Acheni mimea bora izae mbegu, mkusanye na kuandika majina. Mimea ya kudumu ichimbeni ikiwa imelala, au siku za mawingu baada ya mvua, na muikate majani nusu ili mizizi isizidiwe. Mboji ambayo haijaiva ihamisheni pia. Ni nyepesi kuliko udongo na imejaa uhai. Na ile siku yenu ya kazi ya pamoja ya kila wiki isikatike hata mara moja, hata kama kwa miezi mitatu hamtakuwa na pa kulima. Kutaneni mkachane magunia, mkapange mbegu, mkanywe chai. Vikundi hufia katika pengo hilo.

Nimemwacha mzee wenu mwisho kwa sababu nilitaka nafasi ya kumzungumzia. Mtini wa miaka 11 ni vigumu sana kuuhamisha kwa nguvu za watu, na ninadhani yeye analijua hilo vizuri kuliko kamati, ndiyo maana haji. Msimwite kikaoni. Mfuateni nyumbani, mmwombe awafundishe kukata pingili. Mtini ni kati ya miti iliyo rahisi zaidi kuotesha kwa namna hii. Wakati umepukutisha majani, au kabla tu haujaanza kuchipua, achague matawi ya mwaka uliopita yenye unene wa penseli au zaidi kidogo, ayakate vipande vya sentimita 20 hadi 25, kila kimoja kikiwa na macho matatu au manne. Sehemu ya chini ikatwe mlalo chini kidogo ya jicho, ya juu ikatwe mshazari, ili asiyejua asije akapanda kichwa chini. Theluthi mbili za pingili ziingie kwenye mchanganyiko wa mchanga na mboji, kivulini, pawe na unyevu bila kulowa. Kama mtini wenu hautapukutisha kabla ya siku ya kuondoka, akate hivyo hivyo, ayaondoe majani yote isipokuwa moja dogo la juu, na kopo likae ndani ya mfuko wa plastiki mpaka chipukizi jipya litokeze.

Akate 41. Kila mwanachama aondoke na kopo moja lenye jina la mti na mwaka uliopandwa, aliangalie dirishani kwake. Pingili nyingine zitakufa. Itakayokuwa imeshika vizuri kuliko yote ndiyo mtakayoipanda kwanza kwenye kiwanja kipya, na yeye ndiye achague shimo lichimbwe wapi.